Maneno au Mahadhi? Niliyojifunza kwa Kutungia Harusi za Lamu

Nimekuwa nikitunga nyimbo za harusi hapa Lamu kwa zaidi ya miaka 20, nyingi zikiwa za vugo, ngoma yetu ya wanawake, na chache za taarabu, na takriban kila kijana anayekuja kutaka nimfundishe huanza kwa kuniuliza kama kilicho kikubwa katika wimbo ni maneno au ni mahadhi. Zamani nilikuwa na jibu la haraka. Nililelewa katika nyumba iliyosomwa tenzi usiku wa Ramadhani, ami yangu akihesabu mizani, yaani silabi, kwa vidole juu ya goti lake na kumkatiza msomaji kila alipokosea, kwa hivyo nilikua nikiamini kwamba maneno ndiyo wimbo wenyewe na mahadhi ni chombo cha kuyasafirishia tu. Imani hiyo iliniponyoka usiku mmoja, mbele ya ua uliojaa wanawake wa mtaa wa Langoni, kwa sababu ya mizani moja iliyopotea.

Mama wa bibi harusi alikuwa ameniomba nitunge wimbo wa kuimbwa usiku wa kupamba. Bwana harusi alikuwa kijana mpole aliyengoja mwaka mzima hadi mchumba wake amalize masomo, na mama yule alitaka subira hiyo itajwe. Nikatunga beti tano za mishororo mitatu mitatu, kila mshororo ukiwa na mizani 12 zilizogawika sita kwa sita, vina vya kati na vya mwisho vikiwa vimekaa mahali pake. Ubeti wa kwanza ulikuwa huu:

Mwanangu pokea, mume wa kufaa
Mwaka kangojea, leo akutwaa
Heri yaenea, na nyumba yang'aa

Niliupeleka kwa kikundi cha wanawake kilichokodiwa, chenye kinanda cha umeme na ngoma mbili, nikawaachia karatasi na kurudi nyumbani nimeridhika. Sikuwauliza wangeimba kwa mahadhi gani. Wao walichagua lahani ya wimbo wa filamu ya Kihindi iliyokuwa ikipendwa wakati ule, lahani nzuri mno, ila kipande chake cha pili kilikuwa na nafasi ya mizani tano tu na kilikatika ghafla mwishoni, kama mtu aliyezibwa mdomo. Mwimbaji alifanya ambalo mwimbaji yeyote angelifanya, akameza mizani ya mwisho. "Mume wa kufaa" akawa "mume wa kufa", na kana kwamba hilo halikutosha, "leo akutwaa" ikawa "leo akutwa", hata wimbo wangu wa heri ukageuka tangazo la mume wa kufa ambaye leo amekutwa, sijui wapi, labda ufuoni. Mara ya kwanza wachache walitazamana. Mara ya pili, ua mzima ulipopokea, kicheko kilianza upande wa akina bibi kikaenea hadi jikoni, na khalati wa bwana harusi akasimama, ushungi umemwanguka mabegani, akauliza kwa sauti kubwa ni nani basi aliyefiwa.

Waliokuwapo walimlaumu mwimbaji. Lawama ilikuwa yangu. Nilikuwa nimetoa maneno kama mtu anayemkatia mwenziwe nguo bila kumpima, halafu akashangaa inapombana kwapani.

Tangu usiku ule nimekuwa nikiwaambia wanaokuja kujifunza kwamba katika Kiswahili mahadhi huingia hadi ndani ya maana, na mtunzi asiyejua yanapoingilia atajikuta ametunga jambo asilolikusudia. Urefu wa irabu peke yake unatenganisha kufa na kufaa. Mkazo nao una kazi yake: neno letu kwa kawaida hukazwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ndivyo tunavyotamka barabara tunayopita, lakini mkazo ukirudi nyuma silabi moja tunapata barabara yenye maana ya sawasawa, kwa utimilifu. Pigo zito la ngoma likiangukia mahali pasipo pake, mpenzi aliyeshikwa barabara anaweza kusikika kama aliyekamatwa njiani. Mimi mwenyewe siandiki tena neno hilo katika wimbo kabla sijasikia ngoma yake.

Jambo jingine ambalo vitabu vya shule havikunifundisha ni herufi "m" inayosimama peke yake. Kwa hesabu ya karatasi, "mke" ni mizani mbili na "mtu" ni mizani mbili, na mtunzi huridhika. Lakini mwimbaji anapofika kileleni mwa lahani, pale anapotakiwa kuachia sauti ivume, akakuta mizani aliyopewa ni "m", hana la kufanya ila kunguruma kwa pua huku midomo imefungwa. Vileleni panahitaji "a", "e" au "o". Irabu "i" na "u" zinavumilika kwa mwenye koo zuri, ila zikivutwa sana hukonda. Hili nililijifunza kwa mwimbaji mmoja mtu mzima wa mtaa wa Mkomani aliyenirudishia karatasi yangu akaniambia, "Mwanangu, maneno yako matamu, lakini umenifunga mdomo mahali ninapotaka kuufungua." Nikabadilisha "mke mwema" kwa "ahali mwema", ahali akiwa ni mke vilevile, na wote wawili tukapumua.

Wanaodai kwamba desturi yetu ya kale iliweka neno juu ya mahadhi wanasahau kwamba washairi wenyewe walikubali neno likatwe na kunyooshwa ili liingie katika kipimo. Inkisari ni nini kama si kulifupisha neno kwa ajili ya mizani, "enda zako" likawa "enzako" na "siku hizi" likawa "sikuzi"? Na mazida ni nini kama si kulirefusha, "enda" likawa "enenda"? Ruhusa hizo hazikutolewa kwa ajili ya jicho linalosoma. Zilitolewa kwa sababu shairi lilikuwa la kughaniwa, na koo la mghani lilikuwa na haki yake.

Hata hivyo sitaki nionekane nimehamia kambi ya pili kwa hasira ya aibu yangu. Nilipoanza kuchunguza kwa makini nyimbo zinazoshika watu hapa kwetu, niliona kwamba uzito hauko mahali pamoja siku zote. Huhamia kwenye kile ambacho msikilizaji hajawahi kukisikia, na kile anachokijua tayari hukiacha kifanye kazi ya kumtuliza. Maelezo haya si ya kitabuni. Ni yangu, na anayetaka kuyapinga ninamkaribisha, lakini kwanza azingatie mambo machache.

Chukua vugo. Vugo ni pembe inayopigwa kwa kijiti, na ndilo jina la ngoma yenyewe ya wanawake. Mahadhi ya vugo niyajuayo ni machache, na mengi aliyaimba bibi yangu akiwa kigori. Hakuna mwanamke anayetoka nyumbani kwake kwenda kusikiliza mahadhi ya vugo, kwa sababu anayo tayari kifuani. Anachokwenda kukisikiliza ni nani atasemwa leo, kwa fumbo gani, na atajibiwa nini. Ubeti mpya unapotupwa pembe haziachi kulia, lakini mazungumzo yote ya pembeni hukoma kwa mara moja, mwenye kikombe cha kahawa akakishikilia hewani. Katika vugo, basi, maneno ndiyo kila kitu, na mtunzi mvivu hana pa kujificha.

Sasa chukua Maulidi. Kila Mfungo Sita, mwezi wa kuzaliwa Mtume, wageni humiminika Lamu kutoka pwani nzima na ng'ambo, na katika Msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa na Habib Swaleh, husomwa maulidi yaliyotungwa na Habib Ali al-Habshi wa Hadhramaut. Maneno ni ya Kiarabu, hayabadiliki hata herufi, na wengi wa tunaokaa upande wetu wa kina mama hatukijui Kiarabu zaidi ya kile cha sala. Ilhali machozi hututoka. Tukirudi nyumbani hatuzungumzi maneno. Tunazungumza sauti, kwamba mwaka huu kasida fulani imepandishwa juu mno, kwamba vijana wa mahali fulani wamepokea kwa pamoja kama koo moja, kwamba matari yalikwenda mbio. Wazee husimulia pia kwamba matari hayo yalipoanza kupigwa msikitini yalizua mvutano mkubwa, na kinachonivutia katika simulizi hiyo ni kwamba maneno hayakugombewa na mtu. Kilichogombewa kilikuwa mdundo.

Marehemu Mohamed Khamis Juma Bhalo wa Mombasa alikuwa hodari wa kutumia lahani za filamu za Kihindi, na nilipokuwa kijana niliwasikia wajuaji wakimdharau kwa hilo, ati hana mahadhi yake. Leo naona aliwashinda kwa akili. Lahani watu walikwisha kuijua kutoka sinema, na Kihindi chake wengi hawakukijua. Akawaletea juu yake mashairi mazito ya Kiswahili, mengi yakiwa ya mshairi Ahmad Nassir, na msikilizaji ambaye sikio lake halikuwa na kazi ya kujifunza lahani alibaki na nafasi yote ya kulifumbua fumbo. Siti binti Saad naye, aliposafiri hadi Bombay mwaka 1928 kwenda kurekodi, alikuwa anatoka Unguja iliyokwisha kuzoea taarabu ya Kiarabu, na jipya lililowafanya watu wasogelee santuri lilikuwa ni lugha yao wenyewe. (Sisi wa Lamu tuna maneno yetu kuhusu nani walioanza kuyaimba mashairi ya Kiswahili kwa kibangala, ala yetu ya nyuzi, lakini huo ni ugomvi wa siku nyingine.) Kinyume chake ni Zein l'Abdin, mzaliwa wa hapa kwetu: alipoimba mashairi ya kizamani ambayo wazee waliyajua kwa moyo, walichokuwa wakikingojea ni mlio wa nyuzi za udi wake.

Utenzi ndio mfano ulio wazi kuliko yote, na nilikuwa nao nyumbani bila kuuona. Ubeti mmoja ni vipande vinne vya mizani nane nane, na beti zaweza kuwa mia au elfu, zote kwa mahadhi yale yale. Baada ya beti kumi sikio huacha kuyasikia mahadhi kama vile mkazi wa ufuoni anavyoacha kuyasikia mawimbi, na linalobaki ni kisa. Ami yangu hakuwa na haja ya kuyatetea maneno dhidi ya mahadhi, kwa kuwa mahadhi ya utenzi yalikwisha kujiondoa yenyewe.

Ushauri ninaoutoa kwa anayeanza, kwa hivyo, ni kwamba asimletee msikilizaji mambo mawili mapya kwa wakati mmoja. Mpwa wangu alilipuuza hilo, na simlaumu, kwa sababu vijana wenye kompyuta wanaweza kuunda mdundo usiowahi kusikika kwa dakika chache na inawauma kutoutumia. Alitunga wimbo wa harusi ya rafiki yake huko Shela: mdundo mpya, lahani mpya yenye kupinda kila mara, na maneno ya Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, tena cha ndani sana, aliyoyachimba kwa bibi yake. Kila kimoja peke yake kilikuwa kizuri. Watu walisikiliza kwa adabu. Kwa mtunzi, kimya cha adabu ni kibaya kuliko kuzomewa, kwa sababu anayekuzomea angalau amekusikia. Nilimwambia achukue maneno yake yale yale ayavishe mahadhi ya vugo ambayo kila mwanamke wa Lamu anayajua, akanijibu, "Khalati, hayo si mahadhi ya bibi?" Nikamwambia ndiyo, na ndiyo sababu. Ilimchukua miezi kadhaa kukubali, na hata alipokubali aliongeza udi na ngoma za kompyuta chini yake, jambo ambalo sikulipenda mwanzoni, ila sasa nalivumilia, na nikiwa peke yangu nalipenda kidogo.

Kwa wanaotaka kujua mimi hufanyaje, utaratibu wangu ni wa jikoni. Kwanza namuuliza mwenye harusi nani ataimba, kwa ala zipi, na watakaosikiliza ni watu gani, kwa sababu wimbo wa ua wa wanawake wanaojuana haufanani na wimbo wa ukumbi wenye wageni wa bara. Kisha naomba nirekodiwe lahani kwa simu bila maneno yoyote, kwa "la la la" tu, na nakaa nayo siku mbili tatu kabla ya kushika kalamu. Maneno ya kwanza huyaimba nikipepeta mchele kwenye uteo. Upepetaji una pigo lake, mkono hauwezi kudanganya, na mahali ambapo mchele unamwagika ndipo ambapo ubeti una kasoro: ama mizani imezidi, ama nimeishiwa pumzi, ama nimeweka neno ambalo ulimi unaligomea. Ninarudi mezani na kulifuta neno hilo hata kama ndilo nililolipenda kuliko yote, na mara nyingi ndilo lenyewe. Halafu humwita binti yangu, namwimbia ubeti mara moja tu, na kumwuliza amesikia nini. Simwulizi kama ni mzuri. Akinirudishia maneno tofauti na niliyoyaimba, nayachukua aliyoyasikia kuwa ndiyo watakayoyasikia wanawake wengine mia.

Panapotokea mgongano usiosuluhishika, watu hunitaka niseme kipi kitolewe. Nikiwa natunga juu ya lahani inayojulikana, nabadilisha neno. Lahani ile si yangu peke yangu, na masikio ya watu yatasahihisha kosa langu kwa nguvu, kama yalivyomsahihisha yule mume wa kufaa. Nikiwa na mpiga ala anayetunga lahani mpya kwa ajili ya maneno yangu, namwomba abadilishe lahani, na akikataa namwuliza ni lini mara ya mwisho alipomwona mtu akiinuka kutuza wakati wa bashrafu, kipande cha ala tupu kisicho na maneno. Mimi sijamwona bado. Bashrafu hupigwa, watu hutikisa vichwa na kumsifu mpiga udi, lakini mwanamke hufungua mkoba wake na kwenda mbele na noti mkononi pale neno linapomgusa yeye, au pale anapotaka fulani aliyekaa safu ya tatu ajue kwamba limemgusa.

Mpwa wangu sasa ana tatizo jingine, nami nimehusishwa. Wimbo wake uliovishwa mahadhi ya vugo umependwa kwenye harusi za hapa, na studio moja ya Mombasa ikakubali kuurekodi, ila mwenye studio alitaka kiitikio kibadilishwe. Kiitikio kinasema "Yafumbue mato, uone majuto", na yeye alitaka "mato" yawe "macho" ili mtu wa Nakuru naye aelewe. Kwa upande wa mahadhi hakuna linalodhurika, kwa kuwa mizani ni zile zile na irabu ni ile ile. Kinachovunjika ni kina, na kwa sikio la hapa kwetu "macho" ikifuatwa na "majuto" ni kama kukanyaga ngazi isiyokuwapo. Nilimwambia katika beti nyingine aandike "macho" kadiri apendavyo, lakini kiitikio sitoi ruhusa. Mwenye studio naye akashikilia lake.

Jana usiku alinitumia kwa simu walichorekodi. Sauti yake inaimba "Yafumbue", kisha neno halipo kabisa, udi unazipiga noti mbili peke yake, na sauti inarudi kwenye "uone majuto". Nilikuwa bado natafakari kama huo ni ujanja au ni woga, simu ikiwa juu ya meza, wakati binti yangu aliyekuwa akiosha vyombo, bila kugeuka, alipoijaza ile nafasi: "mato".